MEMA kwa Vijana: mapitio ya huduma iliyokubali kupimwa kwa damu

Shule na halmashauri zetu hazikosi wageni wanaokuja na mradi wa kubadili tabia za vijana. Leo ni dawa za kulevya, kesho ni pombe, keshokutwa ni mimba za utotoni, na kila mradi unapofunga virago huacha ripoti yenye mistari inayopanda: wanafunzi wanaojua wameongezeka, wanaosema wataacha wameongezeka, na wanaosema wamekwisha kuacha nao wameongezeka. Kinachokosekana karibu katika kila ripoti ya namna hiyo ni jibu la swali moja, nalo ni kwamba vijana wale wale wangekuwaje leo kama mradi usingefika. Huduma ninayoipitia hapa, MEMA kwa Vijana ya mkoani Mwanza, iliyofundisha vijana afya ya uzazi na kujikinga na VVU, ni miongoni mwa chache zilizolikabili swali hilo waziwazi, na ndiyo maana naona inafaa kusomwa upya na mwalimu, diwani, mfadhili au mzazi yeyote anayeombwa kuupokea mradi mwingine. Niseme mapema msimamo wangu: kama huduma naipa alama za wastani, na kwa namna ilivyokubali kupimwa naipa alama za juu kabisa.

Huduma ilianza kutolewa mwaka 1999 katika wilaya nne za Mwanza ya wakati ule, yaani Sengerema, Geita, Kwimba na Misungwi, kabla Geita haijafanywa mkoa unaojitegemea mwaka 2012. Walioisimamia ni Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kupitia kituo chake cha Mwanza, pamoja na shirika la afya la AMREF, chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine, na serikali yenyewe kupitia wizara za afya na elimu. Mkoa huo tayari ulikuwa na jina katika utafiti wa UKIMWI. Kati ya 1991 na 1994 jamii 12 za hapo zililinganishwa mbili mbili, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa watu wazima kwa takriban asilimia 40. Miaka minne baadaye utafiti wa Rakai, nchini Uganda, ulitibu watu wengi kwa mkupuo mmoja na haukuona upungufu wowote wa VVU, jambo lililowakumbusha wote kwamba dawa iliyofaa sehemu moja, kwa njia moja na katika hatua fulani ya janga, haibebi matokeo yake mkobani kwenda nayo kila mahali. MEMA kwa Vijana ilizaliwa katikati ya mjadala huo, na malezi hayo yanaonekana katika kila ukurasa wa taarifa zake.

Huduma yenyewe ilikuwa na sehemu nne. Ya kwanza, iliyobeba uzito mkubwa, ilikuwa masomo ya afya ya uzazi kwa darasa la tano, la sita na la saba, takriban vipindi 12 vya dakika 40 kwa mwaka. Vilifundishwa na walimu wa shule husika wakisaidiwa na waelimishaji rika, yaani wanafunzi waliofunzwa kuigiza michezo mifupi mbele ya wenzao. Ya pili ilikuwa mafunzo kwa wahudumu wa zahanati na vituo vya afya, ili kijana anayefika na tatizo la sehemu za siri apokewe kama mgonjwa na si kama mtuhumiwa. Ya tatu ilikuwa kuwatumia vijana wenyewe kusambaza kondomu kwa vijana wenzao kijijini, na ya nne shughuli za kuishirikisha jamii, kwa kuwa hakuna somo la aina hii linalodumu shuleni ikiwa wazazi wanaamini kwamba mwalimu anawafundisha watoto wao uhuni.

Msomaji asiyeijua Mwanza ya vijijini ya miaka ile anaweza kushangaa kuona masomo haya katika shule ya msingi. Ukweli ni kwamba watoto wengi waliandikishwa shule wakiwa wamechelewa, na kumkuta kijana wa miaka 15 au 16 akiwa darasa la tano lilikuwa jambo la kawaida. Kundi lililofuatiliwa na watafiti, vijana 9,645 walioandikishwa mwishoni mwa 1998, lilikuwa la wanafunzi wenye umri wa miaka 14 na kuendelea ambao bado walikuwa darasa la nne hadi la sita. Kwa hiyo mlango wa kuwafikia ulikuwa sahihi. Kilichonikera zaidi katika muundo ni kwamba mazungumzo ya kondomu darasani yalibanwa, hata huduma ikawa inafundisha hatari kwa upana na kinga kwa tahadhari. Najua sababu zake, na pengine bila kubanwa huko wizara isingetoa kibali, lakini anayeitathmini huduma huitathmini ile iliyotolewa, wala si ile ambayo waandaaji wangependa kuitoa. Upande wa pili wa mizani uko uamuzi wa kuwatumia walimu wa kawaida na zahanati zilizopo badala ya wataalamu wa kuletwa na magari, na huo naupongeza, kwa sababu ulifanya matokeo, yawe mazuri au mabaya, yahusu kitu ambacho serikali ingeweza kukirudia.

Tukija kwenye kipimo, hapa ndipo huduma hii inapojitenga na nyingine. Jamii 20 ziligawanywa kwa kura, yaani kwa bahati nasibu, 10 zikapata huduma na 10 zikabaki za kulinganishia. Kura inasikika kama jambo dogo la kiutaratibu, lakini ndiyo inayobeba madai yote ya kisababishi na matokeo. Bila kura, huduma hupelekwa mahali ambapo mtendaji wa kata ni mchapakazi, mwalimu mkuu ana ari, barabara inapitika na wazazi wameridhia, kisha mabadiliko yanayotokea huko huandikwa kwa jina la mradi. Ni sawa na mkulima wa pamba anayeisifu mbolea mpya katika mwaka wa mvua njema, na shamba alilotia ndilo lililoko bondeni. Kijiji kilicho kando ya mgodi wa dhahabu, ambako wanaume wenye fedha huingia na kutoka, hakifanani na kijiji cha ndani kabisa cha wafugaji, na tofauti za namna hiyo hugusa tabia za vijana kuliko somo lolote la dakika 40. Kura haizifuti tofauti hizo, ila huzigawa bila upendeleo, kiasi kwamba pengo linaloonekana mwishoni kati ya pande mbili lina sababu chache sana za kusingizia.

Faida nyingine ya jamii za kulinganishia ni ya wakati, na hii husahaulika mno katika tafiti za vijana. Kijana aliyekuwa na miaka 14 mwaka 1998 alikuwa na 17 au 18 wakati wa uchunguzi wa mwisho wa awamu ya kwanza, mwaka 2001 na 2002. Katika miaka hiyo mitatu angeanza mapenzi hata kama asingekutana na mwalimu yeyote wa afya, na angesikia habari za UKIMWI redioni hata kama shule yake isingekuwa na somo hilo. Anayelinganisha kabla na baada angeona mambo mawili kwa pamoja: elimu imepanda, na maambukizi ya zinaa yamepanda. Akipenda mradi angeushukuru kwa la kwanza, na asiyeupenda angeulaumu kwa la pili, na wote wawili wangekuwa wanasoma umri wa vijana wakidhani wanasoma athari za huduma. Tafiti nyingi za tabia za vijana, ziwe za sigara, pombe, vyakula au simu, hukwama papo hapo, kwa sababu ujana wenyewe ni kipindi ambacho karibu kila kitu hupanda kwa wakati mmoja, na vitu viwili vinavyopanda pamoja huonekana ndugu hata kama hawajawahi kukutana.

Sasa matokeo, kama yalivyochapishwa mwaka 2007 na timu iliyowajumuisha David Ross wa London na John Changalucha wa NIMR. Elimu ya vijana kuhusu VVU, magonjwa ya zinaa na mimba ilikuwa bora kwa wazi katika jamii zilizopata huduma, na mtihani wa shuleni uliofanyika mwaka 2002 ulithibitisha hilo. Mitazamo waliyoieleza ilikuwa bora. Baadhi ya tabia walizosema wanazo, zikiwemo zinazohusu idadi ya wapenzi na matumizi ya kondomu, nazo ziliegemea upande uliotarajiwa. Mradi wa kawaida ungeishia hapo, ungepiga picha ya pamoja na kuandika neno mafanikio. Hawa walichukua pia vipimo vya maabara, na picha ikabadilika. Maambukizi ya HSV-2, kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri ambacho kikimwingia mtu huacha alama katika damu yake maisha yote, yalikuwa asilimia 11.9 kwa wavulana na asilimia 21.1 kwa wasichana mwishoni mwa ufuatiliaji, na uwiano kati ya jamii zilizopata huduma na zile za kulinganishia ulikuwa 0.92 kwa wavulana na 1.05 kwa wasichana. Moja kamili maana yake hakuna tofauti. Vipimo vingine vya kibaiolojia navyo havikuonyesha mwelekeo mmoja wa manufaa, wala wa madhara.

Pengo hili kati ya kilichosemwa na kilichoonekana maabara ndilo ningependa kila anayesoma ripoti za miradi ya vijana alitazame kwa karibu. Ndani ya mradi huu huu, mtafiti Mary Plummer na wenzake walilinganisha njia tano za kuwauliza vijana wa vijijini juu ya maisha yao ya mapenzi: vipimo vya kibaiolojia, hojaji ya ana kwa ana, hojaji ambayo mwanafunzi aliijaza mwenyewe kwa msaada, mahojiano ya kina, na watafiti kuishi vijijini wakishiriki maisha ya kila siku, katika vijiji tisa. Majibu hayakulingana. Walikuwepo wasichana waliokutwa na dalili za maabara ambazo haziwezi kupatikana bila kujamiiana, lakini kwenye hojaji walikuwa wameandikwa kuwa hawajawahi. Baadhi ya waliokana mbele ya karatasi walikuja kusema mambo tofauti walipokaa kwa utulivu na mtu waliyemwamini. Hakuna wa kumlaumu hapo. Msichana wa darasa la sita anayeulizwa swali hilo na mgeni, ndani ya eneo la shule ambako wakati ule mimba ilimfukuzisha, alikuwa na kila sababu ya kuchagua jibu lililo salama.

Hapa kuna nukta ambayo hata wasomi huiruka. Kura hurekebisha tofauti za vijiji, lakini hairekebishi tofauti za namna ya kujibu inapokuwa huduma yenyewe ndiyo iliyoifundisha. Mwanafunzi aliyekaa katika vipindi 12 kwa mwaka akielezwa kwamba kuchelewa kuanza ngono na kutumia kondomu ndizo tabia njema anajua vizuri ni jibu gani linalompendeza muulizaji. Mwenzake wa jamii ya kulinganishia hajui, au anajua kwa uhafifu. Wote wawili wanaweza kuwa wanaishi vilevile, na bado hojaji ikaonyesha tofauti kubwa. Tofauti hiyo imesababishwa na huduma kweli, ila imesababishwa mdomoni. Ndiyo maana, katika jambo lolote la vijana ambalo jamii imeshalipa alama ya wema au ubaya, naishusha thamani ya kila kipimo kinachotegemea maneno ya aliyefundishwa peke yake, hata kama kura ilipigwa kwa haki kabisa.

Kwa upande wa VVU wenyewe, namba zinahitaji kusomwa kwa subira. Wavulana watano tu ndio waliopata maambukizi mapya katika kipindi chote cha ufuatiliaji, idadi isiyotosha kusema lolote. Kwa wasichana makadirio yalikuwa 0.75, yaani walio katika jamii zenye huduma waliambukizwa kwa robo pungufu kuliko wenzao, na mtu mwenye haraka angeikamata robo hiyo akaibandika kwenye bango. Lakini mipaka ya makadirio hayo ilikuwa 0.34 kwa chini na 1.66 kwa juu. Kwa lugha ya kawaida, data ile ile inakubaliana na huduma iliyopunguza maambukizi kwa theluthi mbili, na inakubaliana pia na huduma iliyoyaongeza kwa theluthi mbili. Tusichanganye kukosa ushahidi wa manufaa na kuwa na ushahidi kwamba manufaa hayapo. Kwa VVU, awamu ya kwanza ilituacha katika hali ya kwanza. HSV-2 inasema kwa sauti zaidi, kwa sababu walioambukizwa ni wengi na makadirio yake yamekaa karibu sana na moja. Ikumbukwe pia kwamba vijana walikuwa zaidi ya 9,000 lakini vilivyopigiwa kura ni vitu 20 tu, na nguvu ya jaribio hupimwa zaidi kwa hivyo 20. Ripoti nyingi za miradi huhesabu wanafunzi kana kwamba kila mmoja alipigiwa kura peke yake, na hapo uhakika wa bandia huingia.

Timu ingeweza kujitetea kwamba tabia huchukua muda kukomaa. Ilifanya zaidi ya kujitetea. Mwaka 2007 na 2008 ilirudi na kuwapima vijana 13,814 wa miaka 15 hadi 30 waliokuwa wamesoma katika shule za jaribio kati ya 1999 na 2002, na matokeo ya uchunguzi huo, ulioongozwa na mtafiti Aoife Doyle, yakachapishwa 2010. VVU vilikuwa asilimia 1.8 kwa wanaume na 4.0 kwa wanawake. HSV-2 ilikuwa asilimia 25.9 na 41.4. Uwiano wa VVU kati ya pande mbili ulikuwa 0.91 kwa wanaume na 1.07 kwa wanawake, na wa HSV-2 ulikuwa 0.94 na 0.96. Elimu ilikuwa bado iko juu kwa waliofundishwa, miaka mingi baada ya kumaliza darasa la saba, na kama mwalimu wa zamani ningejivunia hilo. Upande wa tabia zilizotajwa kwa mdomo yalibaki mambo mawili: wanaume waliosema wamewahi kuwa na wapenzi zaidi ya wanne walikuwa wachache zaidi, na wanawake waliosema walitumia kondomu mara ya mwisho na mpenzi asiye wa kudumu walikuwa wengi zaidi. Siyadharau hayo mawili, ila naona yalitoka katika orodha ndefu ya maswali, na orodha ikiwa ndefu ya kutosha haikosi kutoa mawili matatu ya kufurahisha hata pale ambapo hakuna kilichobadilika. Ipo pia kasoro ya asili ya kurudi baada ya miaka mingi: kijana aliyehamia mjini au migodini, ambaye pengine ndiye aliyekuwa katika hatari zaidi, ni vigumu kumpata nyumbani kwao siku ya kupimwa, jambo ambalo watafiti wenyewe walilikiri.

Kwa nini basi elimu ipande na damu isibadilike? Maelezo yenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba huduma ilishika pete ya kwanza ya mnyororo na kudhani nyingine zingefuata. Msichana anaweza kujua yote yaliyofundishwa, lakini mwanamume aliye naye mara nyingi amemzidi umri, hakuwahi kukaa katika darasa lile, na ndiye mwenye fedha ya sabuni, mafuta au nauli. Waliofundishwa walikuwa upande wenye uamuzi mdogo. Haya hayakuthibitishwa na kura, ni tafsiri iliyojengwa juu ya masimulizi ya vijijini, na nayataja kwa uzito huo tu.

Tafsiri hiyo inapata nguvu ikiwekwa kando ya jaribio la magharibi mwa Kenya lililofanywa na mchumi Pascaline Dupas na kuchapishwa 2011, lililohusu shule za msingi 328. Katika shule 71 wanafunzi wa darasa la nane walipewa somo moja fupi lililowaonyesha viwango vya VVU kwa umri na jinsia, yaani kwamba mwanamume mtu mzima ni hatari zaidi kwa msichana kuliko kijana wa rika lake. Mimba za wasichana zilipungua kwa asilimia 28, na zilizopungua zaidi ni zile za wanaume waliowazidi umri. Katika jaribio hilo hilo, kuwafunza walimu mtaala rasmi uliosisitiza kujizuia hadi ndoa hakukupunguza mimba. Somo la Kenya halikumwambia msichana aache. Lilimpa taarifa ambayo hakuwa nayo na ambayo angeweza kuitumia ndani ya uamuzi aliokuwa nao. Kilichopimwa, mtoto aliyezaliwa, hakihitaji mtu kukiri. Hata hivyo mimba si VVU, na mwaka mmoja si miaka tisa, kwa hiyo sitaitumia Kenya kuihukumu Mwanza. Naitumia kuonyesha kwamba swali la kama elimu kwa vijana husaidia halina jibu moja, kwa kuwa inategemea ni elimu ya nini na inamkuta nani.

Malalamiko yangu mengine ni mafupi. Sehemu nne zilitolewa kwa pamoja, hivyo jaribio haliwezi kutuambia kama zahanati zilisaidia na darasa halikusaidia, au kinyume chake, na mtu anayetaka kuchukua sehemu moja tu anakosa mwongozo. Watoto walioacha shule mapema, ambao ndio wenye hali ngumu zaidi, walifikiwa kwa shida. Aidha, kuanzia 2004 huduma ilianza kupanuliwa hadi shule nyingine za wilaya hizo, kabla matokeo ya muda mrefu hayajajulikana. Naelewa shinikizo la kutaka kufanya jambo wakati watu wanakufa, lakini upanuzi ule ulikuwa nafasi adimu ya kupiga kura nyingine.

Nani basi aichukue? Mwalimu mkuu anayetafuta namna ya kuwafundisha wanafunzi wa madarasa ya juu afya ya uzazi kwa kutumia walimu alionao hataipata huduma yenye ushahidi imara zaidi ya hii kwamba somo hueleweka na hukumbukwa, na elimu ni haki ya mtoto hata pale isipopunguza ugonjwa. Mganga mkuu wa wilaya anayetaka kushusha maambukizi asiichukue peke yake, na asikubali kuuziwa inayofanana nayo kwa jina jipya bila kipimo kisichotegemea maneno ya wanafunzi. Na kwa kuwa hakuna halmashauri yenye fedha ya kuzifikia shule zote kwa mwaka mmoja, zitakazoanza zichaguliwe kwa kura mbele ya walimu wakuu wote: zinazosubiri mwaka wa pili zitakuwa za kulinganishia bila mtoto yeyote kunyimwa, na vitabu vya zahanati pamoja na rejista za wasichana walioacha shule kwa mimba vimekwisha kuwepo, vikisubiri mtu wa kuvifungua kabla na baada.